Jicho la pili lina kazi gani? Kulenga kwa darubini ya bunduki bila kufumba jicho

Mwishoni mwa Julai 2024 picha moja ilienea kwenye simu zetu kama moto wa nyika. Mlenga shabaha wa Uturuki, Yusuf Dikeç, kasimama kwenye Olimpiki ya Paris, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, macho yote mawili wazi. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan waliondoka na medali ya fedha ya bastola ya upepo ya mita 10. Ikafuatana na picha ya Kim Yeji wa Korea Kusini, naye mshindi wa fedha katika michezo hiyohiyo, kavaa fremu ya chuma yenye kijibati mbele ya jicho moja. Watu wakaziweka picha hizo mbili pamoja, ubishi ukaanza.

Mimi ni mpimaji macho, kazi yangu naifanyia hapa Dodoma mjini, na ubishi huo umenifuata mpaka kwenye kiti cha wagonjwa. Kaniuliza askari wa wanyamapori aliyekuja likizo kutoka Rungwa. Kaniuliza kijana aliyemaliza JKT. Wameniuliza wazee wenye leseni za kuwinda, na watu ambao hawajawahi kushika bunduki maishani. Wote wanataka kujua kama anayelenga kwa kufumba jicho moja anakosea. Na ukiwasikiliza vizuri, wengi hawaulizii bastola ya upepo. Wanaulizia bunduki iliyofungwa darubini juu yake, ile wanayoiita skopu. Bastola ya Dikeç haikuwa na darubini yoyote, na tofauti hiyo ndiyo iliyowachanganya watu wote hawa.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Darubini ya bunduki ni bomba lenye lenzi ndani, na katikati yake kuna alama ya kulengea, mara nyingi msalaba mwembamba. Huchunguliwa kwa jicho moja tu. Ukikuta imeandikwa 3-9x40, maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi yake ya mbele ina upana wa milimita 40. Kukuza mara 4 ni sawa na kumsogeza mnyama karibu yako: aliye mita 100 unamwona kana kwamba yuko mita 25. Jicho linalochungulia ndani ya bomba nitaliita jicho la kulengea. Lile lililobaki nje nitaliita jicho huru, na ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Sasa tuiweke bunduki kando kidogo. Mtoto aliyekulia vijiji vya Bahi au Chamwino anajua kuangusha mabuyu kwa rungu. Mtazame anavyofanya: anarudi nyuma hatua mbili, anainua mkono, macho yote mawili kayakaza kwenye buyu, anarusha. Hakuna aliyemfundisha kufumba jicho, naye hafumbi. Macho yake yametengana kwa sentimita 6 hivi au pungufu, kwa hiyo kila moja linaliona buyu kutoka pembe yake, na ubongo huitumia tofauti hiyo ndogo kukadiria umbali. Tena macho mawili huona vizuri kuliko moja. Kwenye kitu hafifu, kinachokaribia kufanana rangi na kilicho nyuma yake, macho mawili hupata nafuu ya takriban asilimia 40 juu ya jicho moja. Upana nao huongezeka: jicho moja huona kama nyuzi 150 kutoka kushoto kwenda kulia, yote mawili hufika karibu nyuzi 190.

Kwa hiyo wale wanaosema ukifumba jicho moja nguvu zake huhamia kwenye lililobaki, wamekosea. Hakuna kinachohama. Kinachotokea nakiona kila siku kwa tochi yangu ya kupimia. Mwambie mtu afumbe jicho la kushoto kwa nguvu, kisha tazama la kulia: kope yake nayo inashuka kidogo, shavu linapanda, uso mzima unavutwa upande mmoja. Na mboni ya jicho lililo wazi inapanuka kidogo, kwa sababu mboni zetu mbili hufanya kazi pamoja. Giza likiingia jicho moja, yote mawili hupewa amri ya kufunguka. Mboni iliyopanuka kwenye jua la Dodoma haikusaidii kuona kwa ukali. Na misuli ya uso iliyokazwa huchoka upesi sana, kabla hata hujahesabu mpaka 60.

Ila faida zote hizo za macho mawili zina sharti lake: yawe yanaangalia kitu kilekile, kwa ukubwa uleule. Dikeç alikuwa nalo sharti hilo. Ukiweka darubini, umelivunja. Jicho la kulengea linaleta swala mkubwa aliye karibu, jicho huru linaleta swala mdogo aliye mbali, na ubongo unaletewa taarifa mbili zinazopingana kuhusu mnyama mmoja.

Ubongo unafanyaje hapo? Huna haja ya bunduki kujua. Chukua karatasi ya daftari, ikunje iwe bomba jembamba. Weka bomba kwenye jicho la kulia, utazame ukuta wa mbali. Inua kiganja cha kushoto, kiguse ubavu wa bomba, sentimita 15 hivi kutoka usoni, kikikuangalia. Acha macho yote mawili wazi, na usiache kutazama ukuta. Utaona tundu la mviringo katikati ya kiganja chako, na ukuta ukionekana ndani ya tundu. Wanangu walipiga kelele mara ya kwanza walipojaribu, yule mdogo akakigeuza kiganja kuangalia kama kweli kimetoboka.

Jicho la kulia lilileta duara la ukuta. La kushoto lilileta kiganja. Ubongo haukuchanganya picha hizo kama rangi kwenye ndoo. Katikati ulichukua habari za jicho la kulia, kwa sababu ukuta ndio ulioukazia macho na ndio uliokuwa mkali. Pembeni ukachukua za jicho la kushoto, kisha ukazishona zikawa picha moja.

Hali hii huitwa ushindani wa macho. Charles Wheatstone wa Uingereza aliieleza mwaka 1838, alipoweka herufi A mbele ya jicho moja na herufi S mbele ya jingine. Hazikulaliana zikawa herufi moja. Mara ilionekana A, mara S, na katikati ya kubadilishana zikavunjika vipandevipande. Mimi hulifananisha na kusimama katika soko la Majengo kati ya wauzaji wawili wenye vipaza sauti, mmoja akitangaza nyanya, mwingine mitumba. Masikio hukuyaziba, lakini huwezi kuwafuata wote wawili. Unamfuata mmoja. Yule mwingine akitaja jina lako, unageuka mara moja.

Na kama pale sokoni, ubongo una sababu za kumfuata huyu na kumwacha yule. Picha kali huishinda yenye ukungu. Angavu huishinda ya giza. Kitu kinachosogea ghafla huvuta ushindi upande wake. Nia yako mwenyewe ina sauti pia, ingawa si sauti ya mwisho. Ndiyo maana kumwambia mtu "kaza akili tu, utaona" hakumsaidii.

Hapo sasa turudi kwenye bunduki, maana kuna mtu aliyejenga kifaa juu ya tabia hii. Zamani palikuwa na vifaa vya kulengea ambavyo ukichungulia ndani huoni chochote ila giza na nukta inayowaka. Jicho la kulengea liliona nukta, jicho huru liliona shabaha, ubongo ukaibandika nukta juu ya shabaha. Makomando wa Marekani walikuwa navyo walipovamia kambi ya Son Tay huko Vietnam, Novemba 1970. Glyn Bindon, mwanzilishi wa kampuni ya Trijicon ya Marekani, alilichukua wazo hilo akalipeleka kwenye darubini inayokuza. Mwaka 1987 kampuni yake ikatoa ile iitwayo ACOG, inayokuza mara 4 na yenye alama inayowaka. Kwa Kiingereza njia hiyo ya kulenga hadi leo inabeba jina la Bindon.

Inavyofanya kazi, jaribu na simu. Fungua kamera, kuza mara 4 au zaidi, kisha zungusha simu haraka kutoka mlango hadi dirisha. Huoni kitu, ni michirizi mitupu, kwa sababu kilichokuzwa mara 4 hukimbia mara 4. Darubini nayo hivyohivyo. Bunduki inapofuata mnyama anayetembea, picha ya ndani inageuka ukungu, na ubongo, ambao tumeona hauupendi ukungu, unaiacha na kushika picha ya jicho huru. Lakini ile alama inayowaka haifutiki, inabaki ikielea juu ya uwanja mzima ulio na ukubwa wa kawaida. Bunduki ikitulia, picha iliyokuzwa inakuwa kali, ubongo unairudia, na mtu anajikuta amemwona mnyama kwa ukaribu bila kuamua lolote. Wanaolijaribu mara ya kwanza husema ni kama darubini imewashwa.

Ni jambo zuri kweli, nami nalipenda kwa sababu linaonyesha ubongo ukifanya kazi mbele yako. Lakini limepambwa mno huko mitandaoni, na kuna kasoro moja ambayo watu wa bunduki hawaitaji, sisi wa macho tunaikuta kila siku.

Kwenye meza yangu kuna kijiko cheusi cha plastiki cha kuzibia jicho. Namwambia mgonjwa aangalie herufi moja ukutani, naziba jicho lake la kushoto, nasubiri kidogo, kisha naliziba la kulia haraka huku nikilitazama la kushoto lililotoka gizani. Kwa watu wengi linashtuka na kujirudisha mahali pake, kama mtu aliyekuwa anasinzia kwenye basi. Maana yake, lilipokosa kitu cha kushika pamoja na mwenzake, lilikuwa limepotea kidogo kuelekea nje au ndani. Si ugonjwa. Kipimo chake ni prizimu, na prizimu 1 ni kupotoka kwa sentimita 1 katika kila mita 1. Mtu mwenye prizimu 1 simwandikii chochote, namwambia aende nyumbani. Lakini piga hesabu: sentimita 1 kwa mita 1 ni mita nzima kwa mita 100.

Kwa hiyo ukiacha jicho moja likupe alama na jingine likupe mnyama, ukafyatua hapohapo, risasi inaweza kupita mita nzima kando ya mahali ulipodhani umelenga, na bunduki haina kosa lolote. Umbali wa hatua kumi, kwa shabaha kubwa, upotofu huo ni sentimita chache tu na huenda usiuone. Kwa mita 100 ni kuua ng'ombe wa mtu. Ndiyo maana kabla ya kufyatua lazima ubongo uwe umehamia ndani ya darubini, ambako alama na mnyama vyote vinaonwa na jicho moja. Jicho huru ni la kutafutia na kulindia. Kulenga kwenyewe kunamalizwa na jicho la kulengea.

Kulindia: hapa ndipo ninapolijali jambo hili kuliko ubishi wa medali.

Baba yangu mdogo ana leseni, na kila kiangazi huenda kuwinda upande wa Manyoni. Mwaka mmoja nilimsindikiza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, upepo unatupiga usoni, nyasi zimekauka rangi ya karatasi ya kaki. Swala pala dume alisimama mbele yetu, kama mita 100. Baba mdogo alipiga goti nyuma ya mkole, akaweka bunduki begani, darubini kaikaza mara 9. Nilikuwa nyuma yake upande wa kushoto, naona uso wake kwa ubavu. Jicho la kushoto alilifumba kwa nguvu mpaka shavu likajikunja mistari mitatu. Akashusha pumzi. Kidole kikaenda kwenye triga.

Nami nikamwona mtoto. Alitokea nyuma ya kichuguu, kushoto kwa swala, anatembea taratibu nyuma ya ndama wawili, fimbo kaiweka mabegani na mikono kaining'iniza juu yake kama wachungaji wote wanavyofanya. Alikuwa anaelekea kulekule mtutu ulikoelekea.

"Acha, baba. Acha."

Alifumbua jicho. Akakaa kimya muda mrefu. "Huyo katoka wapi, mwanangu?"

Hakuwa ametoka popote, alikuwa akitembea pale muda wote. Darubini ya kawaida ikikuza mara 9 inaonyesha upana wa kama mita 4 tu kwa umbali wa mita 100. Kwa mara 3 ni kama mita 11. Katika zile nyuzi 190 alizojaliwa, baba mdogo alikuwa amebaki na 2 na kitu. Risasi ya bunduki ya kuwindia isipokutana na kitu huruka kilomita kadhaa, na mapori yetu ya kati, kuanzia Manyoni hadi Chemba na Kondoa, kiangazi hayana mahali pasipo na mchungaji. Alitoa risasi zote, akazipanga juu ya kofia moja moja, mkono unatetemeka. Swala alikuwa ameshaondoka. Mtoto alipofika karibu alitusalimia "mbukwenyi", tukaitikia, akapita na ndama wake.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kufungua jicho la pili kunakupa macho ya mwewe. Wapo wanaodai kwamba ukifungua yote mawili unapata kujua umbali kupitia darubini. Hupati, kwa sababu kujua umbali kwa njia ile ya buyu kunataka macho mawili yaone kitu kimoja kwa ukubwa mmoja. Wapo wanaodai unaona kwa ukali zaidi; hapana, ile nafuu ya asilimia 40 nayo imepotea kwa sababu hiyohiyo. Ukuzaji ukifika mara 8 au 9, picha mbili zinatofautiana kiasi kwamba katikati huoni chochote cha jicho huru. Kinachobaki ni pembeni. Jicho huru halitakusomea herufi, lakini kitu kikisogea kushoto kwako litakustua, kama yule muuzaji aliyetaja jina lako. Na mtoto yule alikuwa anasogea.

Na uso unapumzika. Hili la mwisho halina mvuto wa kusimulia kijiweni, lakini wanaochungulia kwenye lenzi kwa mkate wao wa kila siku wanalijua. Tangu Serikali ihamie Dodoma hakuna mtaa usio na mpima viwanja aliyesimama nyuma ya kifaa chake cha miguu mitatu. Mwangalie aliyezoea kazi: hafumbi. Mtaalamu wa maabara kwenye zahanati yenye hadubini ya tundu moja, anayehesabu vijidudu vya malaria tangu asubuhi, naye hufundishwa kuacha jicho la pili wazi, asije akaenda nyumbani na kichwa kinachogonga. Baada ya siku chache ubongo unaacha wenyewe kuisikiliza picha ya meza.

Kijibati cha Kim Yeji kina kazi hiyohiyo. Wengi walidhani ni cha kumfumba jicho. Ni kinyume chake: kinaziba picha isimsumbue, ili jicho lenyewe libaki wazi na uso ulegee. Kanuni za mashindano zinataka kisizidi upana wa milimita 30. Kwa hiyo wale wawili waliogombanishwa na picha zao walikuwa wanatafuta kitu kimoja kwa njia mbili.

Je, kila mtu ataweza? Hapa inaingia habari ya jicho kiongozi. Kama ulivyo na mkono unaoandikia, una jicho ambalo ubongo hulitanguliza katika kulenga. Nyoosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakize upenyo mdogo, utazame kupitia upenyo huo kitu cha mbali, tuseme antena juu ya paa la jirani, macho yote wazi. Sasa fumba jicho la kushoto. Antena ikibaki ndani ya upenyo, kiongozi ni la kulia. Ikitoweka, ni la kushoto. Takriban watu wawili katika kila watatu ni wa kulia. Shida ni ya yule anayetumia mkono wa kulia na jicho lake kiongozi ni la kushoto: akiweka darubini kwenye jicho la kulia na kufungua yote mawili, ubongo unamng'ang'ania mnyama wa jicho la kushoto na msalaba hauonekani kabisa. Mtu kama huyo husema "mimi sina kipaji". Kipaji hakihusiki. Ajaribu bega la kushoto, au abandike kipande cha seloteipu kwenye lenzi ya kushoto ya miwani yake, mwanga upite lakini picha isipite, au afumbe nusu wakati wa kumalizia. Na afadhali yeye mwenye darubini, kwa sababu ubongo ukichagua vibaya msalaba unapotea na unajua kuna kosa. Kwa bunduki isiyo na darubini, jicho lisilo lake linaweza kulinganisha mtutu lenyewe, ukapiga kando na usijue kwa nini.

Kuhusu anayefumba jicho, jibu langu kwa wale waliokaa kwenye kiti changu ni hili: akiwa kwenye uwanja wa shabaha, kalala, kibao hakisogei na msimamizi yuko nyuma yake, afumbe akitaka. Wengi wanaopiga vizuri hufumba. Porini namtaka afungue mpaka sekunde ya mwisho, na atembee na darubini iliyoshushwa mpaka namba yake ndogo kabisa. Ataipandisha akishahakikisha nani yuko wapi.

Mazoezi hayahitaji risasi, wala bunduki. Silaha ina sheria yake, ya mwaka 2015, na si kitu cha kutoa sebuleni ili ujipime. Tumia darubini ya kawaida ya macho mawili: ziba bomba la kulia kwa kitambaa, kisha isogeze kulia mpaka jicho lako la kulia lichungulie kupitia bomba la kushoto, na jicho la kushoto litazame nje, huru. Kwanza tazama kitu cha mbali bila darubini, macho yote mawili. Usiyaondoe hapo. Pandisha darubini ikutane na jicho lako, usiinamishe kichwa kuitafuta. Anayekuja akiitafuta hukutana na kivuli cheusi chenye umbo la mwezi mchanga, na kwenye bunduki inayorudi nyuma kwa nguvu inapofyatuliwa hukutana na chuma kwenye nyusi. Zungusha taratibu, simama, zungusha tena. Utaona picha zikipokezana. Dakika 5 kwa siku zinatosha, ukizidisha utaumwa kichwa bure. Baadhi huzoea kwa wiki mbili, wengine kwa mwezi.

Hivyo ndivyo nilivyomwelekeza baba mdogo, ambaye baada ya asubuhi ile hakutaka kufumba jicho tena. Tulikaa nyuma ya nyumba yangu, tunautazama Mlima Mlimwa kwa darubini iliyozibwa upande. Siku ya kwanza akasema haoni tofauti. Siku ya nne akasema hivyohivyo, kafungua macho yote lakini anaona duara la darubini tu, pembeni kama kuna moshi. Nikamwambia aendelee. Nilipaswa kujua mapema zaidi, maana ndiyo kazi yangu, lakini yule ni baba yangu, sikuwahi kumtazama kama mgonjwa.

Wiki ya pili nilimleta kwenye kiti. Niliziba jicho lake la kulia kwa kile kijiko cheusi, nikamwomba asome. Akasema, "Subiri kwanza uwashe taa." Taa ilikuwa inawaka. Nilipomulika, mboni ya kushoto ilirudisha mwanga wa kijivu: mtoto wa jicho, ameshakomaa, na amekuwapo miaka. Hakuwahi kulijua kwa sababu jicho la kulia lilikuwa linabeba kazi zote. Nyumbani kwetu wazee wengi wako hivyo. Wa Kongwa, ambako trakoma imetesa watu na kuchunguzwa na wataalamu kwa miongo mingi, wengine wana makovu kwenye kioo cha jicho moja na hawajui mpaka mtu awazibe jingine. Mwenye bunduki wa namna hiyo, afumbe asifumbe, upande mmoja wa dunia haupo kwake.

Alifanyiwa upasuaji mwezi uliofuata. Kiangazi kile hakwenda Manyoni. Kitambaa kilipotolewa na siku za dawa ya matone zikaisha, alikuja jioni bila kuniambia, nikamkuta nyuma ya nyumba ameshazunguka kuelekea mlima, darubini kwenye jicho la kulia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nyamaza kwanza." Akazungusha taratibu, akasimama. Kisha akanyoosha kidole kushoto, bila kuondoa darubini usoni, kuelekea uchochoroni kwa jirani. "Yule mtoto mwenye ndoo ya njano, ni wa nani?"